Chipu Iliyosema Udongo Umelowa

Chekeni tu, ndugu wasomaji. Mimi bado siwezi. Nimejifundisha mwenyewe maikrokontrola, zile kompyuta ndogo za chipu moja. Huandika programu fupi za kuchungulia kumbukumbu ya chipu, kisha za kusoma pini zake, vile vijiguu vya chuma vya kuungia waya, moja moja. Kwa hiyo mke wangu aliponiomba nisaidie kitalu cha miche ya chai cha kikundi chao hapa Manga, sikusita. Nilichomeka sensa ya unyevu, kijiti cha kupimia maji, udongoni, nikaiunganisha na chipu yenye kioo kidogo cha kuonyesha majibu. Kioo kikaandika: UMELOWA.

Kiangazi hiki akina mama wamekuwa wakipandisha maji mlimani kwa mitungi. Niliwaambia wapumzike mpaka kioo kibadilike. Walinishukuru sana.

Hakikubadilika. Jana waliniita, majani yamejikunja.

"Baba Moraa, miche inakufa," alisema Mama Kerubo, mwenyekiti wao.

Nilimweleza, tena kwa sauti ya mwalimu, kwamba maji yamezidi na mizizi inaoza. Ili aamini, niling'oa sensa, nikaipangusa kwa shati, nikaiinua hewani ili kioo kionyeshe ukavu.

Kioo kikaandika: UMELOWA.

Hapo nikakumbuka. Programu ilikuwa bado inasoma pini iliyo kando ya ile ya sensa, niliyoiunganisha na umeme wakati wa majaribio ili ijibu UMELOWA daima. Sensa haikuwa imesomwa hata mara moja.

Mama Kerubo alitazama sensa, akatazama kioo. "Yaye! Kwani hata hewa imelowa?"

Wenzake waliangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alichukua mtungi, akaanza kuteremka chemchemini bila kunitazama.