Kirukia cha Dirishani

Fundi Mkasi alikuwa mpogoaji wa miti, na akipita na mkasi wake hata vivuli vilijikunja visije vikakatwa. Nyumbani ubabe wote uliisha mlangoni. Mkewe, aliyelala mwaka wa pili miguu imekufa ganzi, alimtawala kichwa kikiwa juu ya mto.

"Baba watoto, hebu sogea, unanizibia ndege wangu."

Mti wa dirishani ulikuwa na ndege wa aina mbili, ukoo mmoja, wadogo kama kidole gumba. Mwenye kifua chekundu alikula chochote. Ungemwachia, angekula na mlango. Mwenye mstari mweusi kifuani alitaka tunda la kirukia tu, mmea ule unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kuunyonya. Mpenzi wa mkewe alikuwa huyo mchaguzi. Kila asubuhi alilia mara tatu, na mgonjwa akamjibu, "Haya, nimeamka, mpenzi."

Siku moja fundi akataka kumfurahisha mkewe. Mti unanyonywa dirishani, mpogoaji gani atavumilia? Akakata kirukia chote, akakichoma. Mti ukapendeza kama bwana harusi.

Asubuhi, kimya. Ya pili, kimya.

Mama mmoja wa ofisi ya misitu, kazi yake kuhesabu ndege, akapita akatazama mti, akashusha darubini. "Mwekundu yuko kila bustani, huyo hatuna wasiwasi naye. Mwenye mstari yuko kwenye orodha ya wanaotoweka, mzee wangu. Pande hizi alikuwa amebaki hapa kwenu tu."

Fundi hakuthubutu kumwambia mkewe. Kesho yake alichuchumaa chini ya dirisha, akapiga mluzi mara tatu, pumzi ikivuja kwenye pengo la meno yake.

Kimya kirefu. Halafu ndani: "Haya, nimeamka, mpenzi."

Alilia palepale, ngumi mdomoni. Akarudi kila asubuhi, siku arobaini. Ya mwisho, mkewe akamwita, akamshika kidevu.

"Ndege wangu hana pengo, baba watoto. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona ulikuwa unajibu?"

"Ungeacha kuja."

Mkewe wamemzika. Fundi alitafuta kirukia mbali, akapaka mbegu zake zenye ulimbo tawini kwa kidole, jinsi ndege wafanyavyo. Kimeota, kimezaa. Mwekundu anakula, anashiba, anaondoka.

Kila asubuhi fundi hupiga mluzi mara tatu, kisha hutulia kidogo, kiasi cha mtu kutamka maneno matatu.