Hasani Wawili Katika Picha Moja

Nikubali kosa mapema, maana hapa Kasongo hata nikinyamaza watoto wa shule watakusimulia: mimi ndiye mpiga picha niliyeifanya timu yetu ionekane imecheza fainali ikiwa na watu kumi na wawili. Siyo kocha, siyo mwamuzi, ni mimi na kichwa changu kigumu. Cheka kwanza, nitangoja.

Kazi yangu ni picha. Nina kibanda karibu na soko, napiga za kadi, za harusi, za ubatizo, na za wale wanaopenda kusimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kuunga picha, na ufundi mpya ulikuwa umenipanda kichwani. Ni hivi: uwanja mzima hauingii katika picha moja ukiwa karibu nao, kwa hiyo unaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, unapiga kipande cha kushoto, unaigeuza kidogo, unapiga tena, kila kipande kikirudia sehemu ya kile kilichotangulia, mpaka umefika goli la upande wa pili, kisha kompyuta inaviunga vyote vinakuwa picha moja ndefu na mtu hajui kiungo kiko wapi. Shida ni moja tu, na niliijua vizuri (hilo ndilo linaloniuma): viti na miti havitembei, ila watu wanatembea.

Siku ya fainali tulicheza na vijana wa Salamabila, waliokuja kwa pikipiki msafara mzima, na washabiki wao, wachimba dhahabu na wachuuzi wenye sauti nene. Nilipanda juu ya kichuguu kilichoko kandokando ya mstari wa katikati nikaanza kupiga vipande vyangu saba kutoka kushoto kwenda kulia. Kipande cha kwanza kilimkuta Hasani anapiga kona. Huyo Hasani ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ana miguu ambayo sijui aliitoa wapi. Nikaendelea, cha pili, cha tatu, cha nne, hapo mama mmoja wa mikate akapita mbele yangu na beseni kichwani, polepole, akasimama kumuuzia mtu, akapokea sifa za mikate yake, akazijibu, mimi nangoja juu ya kichuguu siwezi kulipiga picha beseni. Alipoondoka mpira ulikuwa umerudi upande wetu na Hasani naye alikuwa amekimbia kuja kusaidia ulinzi. Kipande cha sita kikamkuta huko, uso kwa kamera, anafunga breki mbele ya adui. Tulishinda goli moja kwa sifuri, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Kompyuta ilipomaliza kuunga nikaona Hasani wawili. Niliwaona, sitaki kudanganya mara ya pili. Mmoja mgongo kwenye kona kushoto, mmoja uso mbele ya goli letu kulia. Wenzake wote walitoka mara moja moja, kamili, hakuna aliyepotea. Ningeweza kumfuta mmoja. Lakini wote wawili walikuwa wametoka vizuri mno, nikajisemea kwamba shemeji atafurahi kuonekana mara mbili, mke wangu atafurahi zaidi, nani ana muda wa kuhesabu watu kwenye picha? Nikaiacha. Nikaichapa kwenye karatasi za kawaida, maana mashine yangu ni ndogo, nikazibandika kwenye mbao ndefu, nikaitundika mbele ya kibanda.

Watu walijaa. Mzee mmoja akauliza mbona ina vipande, nami (shetani gani alinishika ulimi sijui) nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya: “Karatasi njo iko vipande, baba. Foto ni moja. Nilipiga mara moja tu, pa! Hapa Kasongo nani mwingine anaweza?” Nilijibu hivyo Jumatatu yote. Jumanne nilikuwa nimeshaanza kuamini mwenyewe.

Jumatano wakaja washabiki wa Salamabila waliobaki kwa biashara ya soko. Walianza kwa kujitafuta wenyewe kwenye picha, wanacheka, mmoja anaonyesha kofia yake. Kisha mwenzao mmoja, kijana mrefu aliyekuwa kapteni wa timu yao, akaacha kucheka. Nikamwona anaweka kidole kwenye jezi za bluu za timu yetu, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto. Akafika mwisho, akarudia. Akaniuliza kwa upole: “Papa, ulisema hii foto ulipiga mara moja?” Nikasema ndiyo, mara moja. Akauliza mbele ya watu wote, na mimi mbele ya watu wote nikasema ndiyo.

Sasa lazima mjue jambo ambalo kila mtu hapa analijua: Hasani ni pacha. Ana Huseni wake, sura ile ile, mwendo ule ule, hata mama yao anapowaita huita majina yote mawili kwa mkupuo ili asikosee. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imekwisha kupangwa na kukamilika: Kasongo walimvalisha Huseni jezi wakamwingiza kwa siri, mmoja anashambulia, mwingine anazuia, ndiyo maana Hasani alionekana hachoki. Huseni siku ile alikuwa Nyangwe kununua samaki, lakini mashahidi wake walikuwa wavuvi, na wavuvi walikuwa mtoni. Salamabila wakapeleka malalamiko kwa komite ya mashindano na mbao yangu ikachukuliwa kuwa ushahidi. Komite ikasema itasikiliza Jumamosi, na hadi hapo Hasani haruhusiwi kutoka mjini, na akipatikana na kosa hachezi miaka miwili.

Na Jumamosi hiyo hiyo Hasani alikuwa anangojwa Kindu. Timu kubwa ya huko ilimwita kumjaribu, siku moja tu, saa tatu asubuhi. Alipaswa kuondoka Alhamisi alfajiri kwa pikipiki, kwa jinsi njia ilivyo mbaya. Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa.

Alikuja kwangu Jumatano ile ile tukiwa tunakula, akakataa kukaa. “Shemeji, weye njo ulipiga ile foto. Uende tu kwa prezida wa komite, umuambie vile iko.”

Mke wangu akaweka kijiko chini, akanitazama, akaniita kwa jina la mtoto wetu. “Papa Zaina, ulipiga mara moja ao ulipiga mingi?”

Hapo ndipo. Kama kuna mahali pa kurudi nyuma palikuwa pale, kwenye sahani ya ugali na mboga ya sombe, watu wawili tu wa kunicheka, tena wa nyumbani. Nikafikiria wale wote waliokuja kuagiza picha ya shule nzima, ya kwaya nzima, “kama ile ya mara moja”. Nikasema: “Mara moja. Lakini wale watu watachoka wenyewe, musiwe na hofu.” Hasani akasema sawa, shemeji. Aliniamini, na mimi nikaendelea kula.

Alhamisi pikipiki iliondoka bila yeye. Ijumaa sikutoka nyumbani, nikasingizia malaria. Jumamosi walinifuata, kwa sababu ushahidi una mwenyewe.

Kikao kilikuwa katika darasa la shule, prezida wa komite mbele, sisi kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, madirisha yote yamejaa vichwa. Mbao yangu iliegemezwa ubaoni. Kapteni wa Salamabila alisimama akasema kwa heshima kabisa: “Papa Prezida, siye hatutukane mutu. Muhesabu tu. Mwenye foto alisema ni mara moja, na watu wa soko walisikia.” Prezida akahesabu kwa kalamu. Kumi na wawili. Akamgeukia Hasani: “Mutoto yangu, sema, ndugu yako aliingia ao hakuingia?” Hasani akageuka akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamlenga, mwanamume mzima, mbele ya watu waliombeba mabegani juma lililopita.

Nikasimama. Goti langu likagonga dawati, wino wa watoto uliokuwa juu yake ukamwagika kwenye suruali (ilikuwa nyeupe, ndiyo). Nikasema: “Nilibongopa.” Nikaeleza vipande saba, kichuguu, mama wa mikate, na kwa maneno yangu nikasikia namna uongo wangu ulivyokuwa mdogo na wa bure. Prezida hakuelewa. “Mutu moja atatokea namna gani mara mbili?” Basi nikatoa simu yangu, nikamwomba asimame karibu na mlango, nikaanza kupiga picha ile ya kuzungusha polepole, nikampigia kelele: “Sasa pita nyuma yangu, Papa, mbio, mbio, uende dirishani!” Naye, mtu mnene, mwenye tai, akakimbia ameshika suruali kiunoni. Simu ikaonyesha maprezida wawili, mmoja mlangoni mwenye heshima zake, mwingine dirishani ana mguu mmoja.

Walicheka mpaka walimu wakaja kuuliza. Kapteni wa Salamabila ndiye aliyecheka zaidi, akampa Hasani mkono, akasema basi tuliwapiga kwa haki. Prezida akajifuta jasho, akafuta malalamiko, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo lakini madirisha yote yakasikia: “Na ile foto ya ndoa ya binti yangu? Wale wageni wote walikuwa kweli?” Nilikula kiapo kwamba walikuwa kweli. Hakuna aliyeniamini, na sikuwalaumu.

Hasani hakucheka. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha prezida. Ilikuwa saa nne na nusu.

Alikwenda Kindu hata hivyo, Jumatatu, akawakuta wameshamchukua kijana mwingine wa kucheza pembeni. Walimwambia arudi mwaka mwingine. Akarudi kwetu baada ya siku nane, akaingia nyumbani kwangu akanisalimia, akaomba maji, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mke wangu alinitukana vya kutosha kwa niaba yake, lakini siyo sawa.

Sasa kila picha ndefu ninayoitundika ina maandishi chini, makubwa kuliko jina langu: imeungwa, vipande kadhaa, mtu akitokea mara mbili ni mmoja. Wateja wanasoma, wanacheka, wengine wanaondoka. Na nimeapa kwamba mtu akiniuliza swali la ndiyo au hapana, namjibu papo hapo, hata mbele ya soko zima, hata jibu likinifungia kibanda. Hasani bado anatuchezea. Nikipanda na kamera kandokando ya uwanja akaniona, anasimama pale alipo, mikono kiunoni, hasogei hata hatua moja mpaka nimalize, mpira unampita miguuni, kocha anapiga kelele, na mimi nashindwa kumwambia kimbia.