Mistari Miwili ya Mahindi

Jirani ametua gunia la samadi ya mbuzi karibu na dirisha langu, na mvua ya jioni imelipiga. Harufu imeingia mpaka jikoni. Nimeliacha dirisha wazi.

Nikiwa shule ya msingi, harufu hiyo haikututoka mikononi msimu mzima tulipokuwa tunafanya jaribio la sayansi, kwenye kijiji chetu kipya cha ujamaa upande wa Handeni. Mwalimu alitupimia mistari miwili ya mahindi nyuma ya jiko la bibi yangu. Mmoja tuliutilia samadi, mwingine tukauacha na udongo wake mwekundu mtupu, ili tuone tofauti.

Siku ya kupima, mwalimu alikuja na kaptula yake, rula ameichomeka kwenye soksi. Akapima mstari wa kwanza, akapima wa pili, akatutazama. Mahindi yote yalikuwa ya kijani kibichi, yamelingana.

Bibi akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watoto walikuwa wanalisha huku, wananyima huku. Mie nikagawa samadi sawa."

"Bibi, tulitaka kuona ule ulionyimwa utakuwaje."

"Mngeniuliza mimi," bibi akasema, bila kupandisha sauti. "Njaa ile kubwa ya zamani ilinikuta na watoto wanne." Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye unga. "Aliyebaki ni baba wa huyu."

Mwalimu akairudisha rula kwenye soksi. Akaomba kopo la maji, akainama, akamwagilia mstari wa kwanza, kisha wa pili.