Maganga, rafiki yangu tuliyemjengea ndani ya darasa kule Masaki

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu. Asiyeamini aende Masaki akaulize. Nasema Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya mabalozi.

Mimi shule niliishia la nne. Leo nina nyumba za kupangisha pale Tumbi, na wenye digrii wananilipa kodi. Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Twende kwenye mada.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kijiji chetu hakikuwa na shule. Watoto walitembea mpaka kijiji cha pili, mvua ikinyesha hawaendi. Wilaya ikasema mwalimu yupo, ila Jumatatu akute darasa limesimama. La sivyo anapelekwa kwingine.

Tukaingia kazi ya kujitolea. Miti, fito, udongo. Ili watu wasitegeane, mwenyekiti wa kijiji akampa kila balozi wa nyumba kumi ukuta mmoja, tushindane.

Mimi nilipangwa na Maganga, Mnyamwezi aliyekuja kwetu kwa kibarua cha mikorosho akahamia kabisa. Yeye hacheki, ila akiongea watu wanashika mbavu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo alitutukana asubuhi mpaka jioni na hakuna wa kumfanya kitu. Ila nikikosea kazi hanitanii, ananisubiri tu nirudie.

Ukuta wetu ulikuwa bora kuliko zote. Hilo halina mjadala.

Jumamosi mchana kuta zote zikakamilika. Vigelegele. Maganga alikuwa ndani anamalizia kukandika. Tukasikia sauti yake, taratibu kabisa:

"Jamani, mimi natokea wapi?"

Tukaanza kuzunguka jengo.

Kila kundi lilijua mlango uko kwa wenzao. Madirisha yapo, madogo ya juu. Mlango hakuna.

Ugomvi ukaanza. Bi Mwajuma, balozi wa ukuta wa mashariki, akakaza kanga kiunoni: "Atakayegusa ukuta wangu aanze kunivunja mimi!" Mimi nikasema wetu hauguswi, ule ni mfano wa kuigwa. Mwenyekiti akasema tusubiri kikao cha wiki ijayo. Wiki ijayo mwalimu si ameshaondoka?

"Paa bado, wewe ruka ukuta utoke," mwenyekiti akamwambia Maganga.

"Mimi nitaruka, mwenyekiti. Mwalimu naye mtamrusha?"

Akakaa humo humo. Akaomba muhogo, tukampitishia dirishani. Tulipozidi kutukanana, akaangua kilio cha msiba: "Uwiii! Wazaramo wamenizika mzima! Na kaburi wamelikandika vizuri!"

Bi Mwajuma akacheka mpaka kanga ikalegea. Halafu wote.

Kicheko kilipokolea, tukasikia jembe. Maganga anavunja ukuta. Wetu!

Nikamjia juu. Akatoa kichwa kwenye tundu, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Mtani, kuta za wenzako ukizitoboa zinaanguka. Wako ndio pekee unaobeba mlango."

Ningebisha vipi? Ni kweli.

Na mtani akivunja hakuna kesi. Bi Mwajuma mwenyewe akaenda kuleta mbao. Jumapili wenzetu wakaezeka, mimi na Maganga tukatengeneza mlango. Mimi napima, nakata, naharibu, narudia. Yeye ameshikilia ubao, haguni.

Jumatatu mwalimu akafika, binti mwenye sanduku la bati. Maganga akamwambia: "Karibu, mwalimu. Mlango huu ni kazi ya huyu bwana. Fundi huyu."

Sikuwa fundi. Lakini watu walisikia, wakaanza kuniagiza milango. Nikaona aibu kukataa, nikajifunzia humo humo. Nyumba za Tumbi zimetoka hapo.

Nilijitengeneza mwenyewe, hilo libaki hivyo. Ila jina la fundi alinipa yeye.

Somo langu: ukipata mwenzako kwenye kazi isiyo na malipo, anayekusubiri ukikosea na kukuchekesha ukinuna, huyo usimpoteze.

Mlioshiriki kujitolea zama zile, mwageni yenu hapa chini. Wanaotaka kubishana kuhusu ukuta nao waje.

Maganga bado yupo Masaki. Juzi nimempelekea mlango wa mninga, zawadi, nimeuchonga mwenyewe. Kauzunguka, kaugonga kwa kidole, kaniuliza:

"Mtani, na ukuta umeuacha wapi?"