Gari Tulilolinunua Mara Mbili

Nyinyi vijana wa nyumba hii, na wenzenu mtakaosoma haya, nasikia mwasema bibi alibahatika. Mwasema serikali iliiondoa ile kodi ya magari kabla haijaanza, kwa hivyo bibi kashinda kwa bahati tu. Sivyo. Siku niliyoamua gari letu lisiuzwe, kodi ilikuwa ingali yajadiliwa bungeni na mtaa mzima una hakika kuwa yaja. Niliamua nikijua twaweza kuilipa. Sikizani basi niwaeleze ilivyokuwa, maana mwaipotosha habari yangu nami ningali hai.

Binti yangu aliachwa na mumewe, akarudi kwangu hapa Mji wa Kale na watoto watatu. Sikumpa pole nyingi. Nilimwambia ajifunze kuendesha gari. Alipopata leseni, zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo wa kina mama ikafika, nikauza na bangili zangu mbili, tukaagiza gari. Yeye akataka haibridi, gari lenye injini ya petroli na betri kubwa, ambalo mwendo wa polepole hutembea kwa betri na injini imezima.

Nikamwuliza, "Na hiyo betri itachajiwa wapi, kwenye taa ya ngazini?"

"Lajichaji lenyewe, mama, kila ukishika breki."

Sikuamini. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, na sikuambiwa huko kuwa kitu hupata nguvu kwa kuzuiwa.

Bei ya Japani tuliiweza. Lilipofika bandarini ndipo nilipojua kuwa bei ya Japani ni salamu tu, mazungumzo bado. Ushuru wa forodha, kodi ya ukubwa wa injini, kodi ya thamani, ada hii na ada ile mpaka ada ya reli. Gari limekuja kwa meli, lalipia reli! Wakala wetu wa forodha alizitaja mpaka akakauka koo, nikampa maji aendelee. Gari lile tulilinunua mara mbili, mara moja Japani na mara moja hapa bandarini Kilindini. Kisha bima, kisha ukaguzi, kisha maegesho ya kila siku. Kijana wa kaunti akija na mashine yake hakuulizi gari lako lina betri au lina punda. Ada ni ile ile.

Lakini gari likafanya kazi. Asubuhi binti yangu huwachukua watoto wa Tudor kuwapeleka skuli Ganjoni, na jioni huwapeleka wanawake harusini. Wanawake walimpenda upesi. Gari lenye mwanamke kwenye usukani waweza kukaa utakavyo, ukafungua buibui, ukaimba, ukamsengenya bwana harusi mpaka mlangoni kwao. Wajukuu wangu wale watatu wakala, wakavaa, wakasoma.

Ndipo ikaja habari ya kodi mpya. Kila gari litozwe kila mwaka, kwa kadiri ya thamani yake. Na hapo ndipo palipotuuma, maana gari letu lilikuwa jipya kidogo, thamani yake kubwa. Kaka yake binti yangu, mwanangu mkubwa, alikuwa na teksi ya petroli tupu pale karibu na Ngome ya Yesu, gari kuukuu la injini kubwa. Yeye angelipa kidogo, dada yake angelipa nyingi.

Siku moja alasiri mwanangu akapiga hodi na dalali wa magari nyuma yake. Tukaamkiana, tukaulizana hali mpaka za wagonjwa, nikawapa kahawa. Dalali akaanza.

"Bibi, magari haya mwakani yatakuwa kama mayai viza. Hakuna atakayeyataka."

"Na wewe yai viza walitakia nini?"

Mwanangu akakohoa. Dalali akacheka peke yake. "Mimi mfanyabiashara, bibi. Nabeba hasara za watu."

"Mungu akuzidishie mabega," nikamwambia.

Dalali alipokwenda zake, mwanangu akatoa neno lililokuwa likimkwama. Alikuwa ameshapokea arbuni. Nyinyi wa leo mwaona arbuni ni pesa za kushikia kitu tu. Kwetu sisi ukiipokea umefunga neno, na mtaa wote wakuangalia kama utalifungua.

"Neno la gari lako au la dada yako?" nikamwuliza.

"Mama, namwonea huruma. Kodi ikija hataiweza. Bora auze sasa, anunue kuukuu kama langu."

Dada yake alikuwa jikoni anachuja tui. Alilichuja tui lile mpaka chicha ikawa kavu kama vumbi. Nikajua analia.

Sasa nisiwadanganye, nami niliogopa. Kukataa ni rahisi, mdomo ni wangu. Lakini nikikataa kwa ubishi, kodi ije imshinde, gari lizuiliwe, wale watoto watatu watakula ubishi wangu? Nikamwita binti yangu, nikamwuliza gari lake lanywa mafuta kiasi gani.

"Kidogo, mama."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Kaka yake akadakia. "Hilo si gari, mama, ni friji yenye magurudumu! Wauzaji ndio wasemao lanywa kidogo. Magari yote yanywa."

Nikasema, vyema. Kesho nyote wawili mtajaza matangi mpaka juu, pampu moja. Mtafanya kazi ya siku nzima, njia moja, yeye mbele wewe nyuma. Jioni mtarudi pampu ile ile mjaze tena, tuone nani alikuwa na kiu. Nami nitapanda kwa dada yako, na mkeo apande kwako.

"Mke wangu wa nini?"

"Awe shahidi. Mimi sikuzaa mjinga."

Basi tukatoka. Asubuhi Tudor kwenda Ganjoni, watoto wamejaa gari letu wakipigiana kelele, na nyuma mwanangu yuaja na gari lake likinguruma. Digo Road pakafungamana kama kawaida yake. Gari letu likasimama, likanyamaza kimya.

"Limekufa?" nikamwuliza binti yangu.

"Li hai, mama. Lapumzika tu."

Magari yakasogea kidogo, nalo likasogea bila sauti, kama paka ajaye kuiba samaki. Tukasimama, likanyamaza. Tukasogea, likateleza. Nyuma yetu lile la mwanangu languruma limesimama, languruma lasogea, lanywa mafuta bila kwenda popote. Hapo ndipo nilipoanza kutabasamu, lakini nilijifunika mtandio asinione mtu.

Tulipofika sokoni Marikiti, mke wa mwanangu akashuka mbio akaja dirishani kwangu, jasho latiririka.

"Mama, kanizimia AC tangu Tudor, ati aokoe mafuta! Nimetokota kama mbatata!"

Nikashuka nikamwendea mwanangu. "Abiria wako pia huwazimia?"

"Hapana, mama."

"Basi mkeo si mbatata. Washa."

Akawasha. Tukazunguka mchana kutwa, sokoni, Ganjoni tena, Tudor tena, na jioni tukampeleka bibi mmoja na mawifi zake kwenye maulidi. Kisha tukarudi pampuni.

Tukatangulia sisi. Kijana wa pampu akatia, mara pampu ikajikata.

"Imekwama hiyo," mwanangu akasema. "Endelea kutia."

"Limejaa, mzee. Ukitaka nikuoshee viatu kwa petroli, sawa."

Likaja lake. Pampu ikaenda. Ikaenda, ikaenda, tukatazamana. Ikapita tulipokomea sisi, ikapita mara mbili yake, na bado yaenda. Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa mke wake mwenyewe. Binti yangu akapiga cha pili, nami, Mungu anisamehe, pale pale kati ya matangi nikapiga cha tatu, na cha tatu ndicho kilichosikika.

Mwanangu akasimama mkono kiunoni. Kisha akacheka. Huyo ndiye mwanangu, hushindwa kwa uzuri.

Nikamwambia, "Kila lita hiyo ina kodi ndani yake, na ya barabara imo. Kodi unayomwogopea dada yako mwakani, wewe waanza kuilipa kila siku asubuhi, na risiti hupewi. Yake yaja mara moja kwa mwaka, na mafuta asiyoyanunua yatailipa na chenji ikabaki."

"Mama," akasema, "yaani mimi ndiye niliyekuwa nauza gari jema nibakie na bovu?"

"Na dalali umemleta anywe kahawa yangu kwa hilo."

Tukarudi Mji wa Kale gari nyuma ya gari, binti yangu apiga honi kama wa harusi, majirani watoka madirishani kuuliza nani kaolewa. Nikawajibu hakuna aliyeolewa, kuna mtu habanduki kwenye usukani wake. Binti yangu alicheka mpaka akafuta macho.

Tulipoingia ndani sikuwaacha wakae. Nikasimama mlangoni nikaamrisha: "Wewe mkwe wangu, oga upumzike, leo hupiki. Wewe binti yangu, kila Ijumaa weka kando pesa za mafuta uliyoyaokoa, kodi ikija itukute tumejiandaa. Na wewe mwanangu, chukua arbuni ya watu kama ilivyo, nenda sasa hivi ukamrudishie dalali mkononi mwake, na umtake radhi kwa kuwa ulimuuzia kisicho chako."