Zamu Iliyokatizwa na Kitambaa

Sisi tuliokulia Ngokolo, Shinyanga, enzi ambazo mtu alivua viatu kabla ya kuingia chumba chenye kompyuta, tunajuana. Tunajuana kwa jinsi tunavyobonyeza vitufe, taratibu, kama mtu anayempapasa ndama asiyemzoea. Watoto wa leo wanachezea simu huku wanakula maandazi, mafuta yanang'aa kwenye kioo, na hawana habari. Sisi tulinawa kwanza. Tulinawa hadi viwiko, tukajifuta kwa kanga ya mama, ndipo tukaruhusiwa kusogea. Na hata hapo mmoja ndiye aliyegusa. Mwenzake aliweka mikono nyuma kama yuko mstarini shuleni.

Ya kwetu ilitoka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako baba alikuwa karani. Kiwanda kilipoleta mashine mpya, za zamani waligawiwa wafanyakazi, na baba akaja nayo kwenye mkokoteni, imefungwa kamba katikati ya magunia ya mashudu, watoto wa mtaa mzima wakiisindikiza. Hadi leo nikisikia harufu ya mashudu, vidole vyangu vinatafuta vitufe.

Mama alikuwa fundi wa kufuma. Kila kitu chenye heshima nyumbani kwetu kilivaa kitambaa: redio, makochi, kabati la vyombo, hata mtungi wa maji. Kompyuta haijamaliza kutua mezani, tayari alikuwa anaipima kwa uzi. Kesho yake ikavaa kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, ikawa mtu wa nyumbani.

Pamoja nayo zilikuja CD mbili ambazo mhasibu aliyehama kazi alizisahau. Moja ilikuwa mchezo wa ngome, mchezo wa watu wawili wanaopokezana zamu: unajenga mji, unachimba dhahabu, unaajiri wapiga mishale, halafu unakwenda kuiteka ngome ya mwenzako. Ya pili ilikuwa nyongeza yake, yenye ramani mpya na mazimwi. Fundi wa duka la vifaa vya ofisi alitunakilia zote mbili ndani ya mashine ili CD zisichubuke, akatuuliza folda aziite nani. Ile kubwa tukaiita KULWA, na nyongeza iliyokuja nyuma yake tukaiita DOTO. Hatukujua majina mengine ya vitu viwili vinavyokuja pamoja, maana ndiyo majina yetu wenyewe. Sisi ni mapacha, msichana na mvulana: dada yangu ni Kulwa, mimi ni Doto. Msukuma yeyote akisikia hivyo haulizi tena: Kulwa katangulia kutoka tumboni, Doto kafuata.

Na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Kwa sababu ya kunitangulia kwa dakika chache ambazo mimi sikuziona, Kulwa alidai shikamoo. Kila asubuhi. Tukiwa tumelala mkeka mmoja, tunakula matobolwa ya viazi vitamu kutoka sahani moja, tunakwenda shule tumeshika fagio moja, yeye anasimama mlangoni anangoja. Nikikataa, mama anadakia toka jikoni.

"Doto, msalimie dada yako. Yeye ndiye aliyeliona jua kwanza."

"Mama, mkubwa ndiye anayetoka mwisho! Anabaki nyuma ahakikishe mlango umefungwa!"

"Msalimie, ng'wanawane, mwanangu, uji unapoa."

Basi tukaweka ahadi, baba akiwa shahidi. Atakayeiteka ngome ya mwisho ya mwenzake ataamkiwa maisha yake yote, na hakuna rufaa. Tulicheza mchezo huo likizo nzima. Miji yetu tuliipa majina tuliyoyapenda: wa kwangu ukaitwa Samuye, kwa sababu ya ng'ombe wa bibi kijijini huko, na ngome kuu ya Kulwa, kwa kiburi chake, ikaitwa MKUBWA. Ba'mdogo Masalu, mdogo wake baba, ambaye alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Runzewe, alikuja siku moja na nguo zake za vumbi, akakaa nyuma yetu. Aliona mgodi wangu unaongeza dhahabu kila zamu, akashika kichwa, maana kwao shimo la dhahabu ni duara, na mashine ya kusaga mawe ni karasha.

"Gashi! Duara linatema kila siku, bila baruti, bila karasha, na hakuna wa kugawana naye? Hebu nionyesheni njia ya kuingia humo."

Siku ya kuamua ilikuwa alasiri moja ya kiangazi, upepo unapuliza vumbi jekundu kutoka uwanjani. Jeshi langu lilikuwa limesimama mbele ya MKUBWA. Nikahifadhi mchezo kwanza, kama tulivyozoea kila zamu, maana umeme wetu ulikuwa wa kuvizia. Sikujua kwamba mama, kwa kuona vumbi linaingia dirishani, alikuwa amekuja nyuma ya meza na kukifunika kisanduku cha mashine kwa vitambaa viwili vizito, akavichomeka vizuri kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Mashine inanguruma ndani yavyo, haipati hewa. Nikanyoosha kidole kushambulia. Kioo kikawa cheusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

Kulwa hakungoja moshi uishe. "Ngome haijatekwa! Mimi bado mkubwa!"

Baba alikuna kidevu, akatoa hukumu: mchezo haujaisha, kwa hiyo mambo yabaki kama yalivyokuwa. Fundi akasema mashine imeungua, haitengenezeki. Mama akaisogeza pembeni, akaivisha upya, akaweka chombo cha maua juu.

Wewe uliyepata dada wa namna hiyo unajua kilichofuata. Nilimwamkia Kulwa sekondari mbele ya marafiki zangu. Nilimwamkia siku ya harusi yake, ukumbi mzima unasikia, kwa kuwa aliagiza niletewe kipaza sauti. Sasa ana duka la vipuri vya karasha Runzewe, wachimbaji wenye vifua vipana wanamwita Mama Nkwimba kwa adabu, na mimi ananiita "mdogo wangu" hata mbele ya wateja.

Desemba iliyopita mama alinunua kabati jipya, akaniambia niitoe ile kompyuta kuukuu. Nikaivua kitambaa, nikafungua kisanduku, nikabaki nimeduwaa. Vumbi la Shinyanga linaingia hadi ndani ya saa ya mkononi, lakini humo ndani palikuwa safi kama sahani ya wageni. Kitambaa kilichoiua mashine ndicho kilichoilinda. Nikaichomoa diski yake, nikaiunganisha kwa waya na kompyuta yangu ya mapajani. Ikalia kidogo, ikakohoa, ikazunguka. Folda zote mbili zilikuwepo. Na kando yazo, mchezo wetu, kama nilivyouhifadhi.

Nikampigia Kulwa simu palepale. Kwanza nikasikia anacheka na wateja wake.

"Nakuja kumwona mama wiki hii, na Jumapili narudi Runzewe. Ikiwaka kabla sijaondoka, cheza zamu yako. Isipowaka, kesi imefungwa, na shikamoo yangu utanipa mpaka tuzeeke. Umesikia, mdogo wangu?"

Nikasikia.

Sasa, mchezo wenyewe haukubali kompyuta za leo. Ukiubonyeza unakataa kama mzee aliyeamshwa kabla ya chai. Lakini kumbe wapenzi wake, waliotawanyika duniani kote, walikuwa wameuandika upya kwa chanzo huria, kilicho wazi kwa kila mtu, na kuutoa bure. Injini, programu inayouendesha mchezo, ni yao. Picha, sauti na ramani wanakuachia ulete mwenyewe kutoka nakala yako ya zamani. Na hakuna kitufe cha "sakinisha". Unafungua kifurushi kwa mkono, unatengeneza folda kwa mkono, unahamisha faili, halafu unafungua faili la mipangilio, maandishi matupu, na kuiambia injini mstari kwa mstari kila kitu kiko wapi.

Jumamosi mchana nilikaa sebuleni. Kulwa kwenye kochi, kajifunga kitenge, anabanja karanga. Ba'mdogo Masalu, aliyekuja naye, kaburuta kigoda hadi karibu na bega langu. Wapwa zangu wakapita, wakachungulia.

"Mjomba, si upakue tu? Sisi tunabonyeza mara moja inaingia yenyewe."

"Nendeni mkacheze," nikasema. "Kazi hii ina wenyewe."

Mara ya kwanza injini ilisema haioni faili. Nikairekebishia njia ya folda. Mara ya pili ikawaka, lakini picha ilikuwa ndogo kama kiberiti pembeni mwa kioo. Nikarudi kwenye mipangilio, nikaandika upana na urefu. Mara ya tatu ikajaa kioo kizima. Nikawasha mstari wa muziki, na ile ngoma ya zamani ikatoka, kidogo kidogo, mpaka mama akajitokeza mlangoni na mwiko mkononi, kasimama tu anasikiliza.

Nikauhamishia mchezo wetu kwenye folda ya michezo iliyohifadhiwa. Nikaubonyeza. Kioo kikawa cheusi, programu ikajifunga. Nikarudia. Ikajifunga tena.

Nikatoka jasho. Nikasoma maelekezo upya, nikahakiki kila faili. Kulwa akamenya karanga nyingine.

"Basi la asubuhi linaondoka alfajiri, mdogo wangu. Nijiandae kuamkiwa kabisa?"

"Subiri."

"Nasubiri tangu nikiwa na meno ya utoto."

Kisha akainuka, akainama juu ya bega langu, akakodolea faili la mipangilio. Nikasikia pumzi yake inakata. Akaangua kicheko mpaka karanga zikamwagika sakafuni.

"Mama! Ba'mdogo! Njooni mwone mtu huyu! Kaandika DOTO juu, KULWA chini!"

Ni kweli. Injini inapakia folda kwa mpangilio ulioandikwa, nami, bila hata kufikiri, kwa ile hasira ya miaka yote, nilikuwa nimejitanguliza. Nyongeza iliitwa kabla ya mchezo wenyewe kuwepo. Itajengewa juu ya nini?

"Mtangulize dada yako, ng'wanawane," mama akasema, tena kwa sauti ileile ya zamani.

Nikafuta. Nikaandika KULWA, nikashuka mstari, nikaandika DOTO. Nikahifadhi. Nikabonyeza.

Ramani ikafunguka. Mto wetu uleule, msitu uleule, Samuye yangu yenye ukuta wa mawe, majina tuliyoyaandika kwa vidole vya kitoto. Na mbele ya jeshi langu, bendera zinapepea, MKUBWA. Kulwa aliacha kucheka. Akakaa chini, kwenye sakafu, karibu kabisa na mimi, akaweka mikono nyuma. Hakujua kwamba ameiweka nyuma.

"Umeona?" akasema taratibu. "Bila mimi kutangulia, hakuna kinachowaka."

"Soma mstari huu wa maelekezo," nikamwambia, nikamwonyesha kwa kidole. Akausoma kwa sauti: folda mbili zikigongana, iliyopakiwa mwisho ndiyo yenye kauli. "Basi Doto ndiye mwenye kauli, dada."

"Hizo ni kelele za mtu ambaye hajateka kitu. Shambulia."

Nikashambulia. Wapiga mishale wake walikuwa wengi kuliko nilivyokumbuka. Wapanda farasi wangu wakaanguka, ba'mdogo Masalu akalia kama duara limeporomoka. Zimwi langu likavunja lango kisha nalo likaanguka. Kulwa akaanza kupiga makofi. Nikabaki na kikosi kimoja cha askari wa mikuki, waliochoka, wale wa bei rahisi ambao kila mtu huwadharau mwanzoni mwa mchezo. Nikawasogeza hatua moja. Wakapiga. Mpiga mishale wake wa mwisho akadondoka, bendera ya MKUBWA ikashuka, ikapanda ya kwangu.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua niliruka, nikamnyanyua mama na mwiko wake, majirani wakajitokeza uani kuuliza kama tumepata mjukuu. Ba'mdogo Masalu alikuwa anawasimulia vita kana kwamba alipigana yeye.

Kulwa aliinuka, akajipangusa maganda ya karanga. Nikadhani atasingizia umeme. Akaja mbele yangu, mwanamke yule anayewatuliza wachimbaji kwa jicho moja, akapiga goti mpaka chini, kama bibi zetu walivyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba!" nikajibu, nikajibu tena, nikamshika mikono kumwinua.

Aliondoka alfajiri kama alivyosema. Wapwa zangu walipanda basi naye, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na waya masikioni, wanashinda vita dhidi ya watu wasiowajua majina wala sura, wanashinda kabla ya kushuka stendi na wanashinda tena baada ya kupanda. Sikuwaonea wivu. Mchezo wao unaingia wenyewe kwa kubonyeza mara moja, na ukiisha unaanza mwingine hata kidole hakijapoa. Lakini nilipowapungia mkono niliwaza: watoto hawa wakishinda, ni nani anayeinuka, akajipangusa, akaja kuwapigia goti?