Figa la Tatu

Enzi zetu Mlima Igulwa haukuwa na kiingilio, wala saa za kufunga, wala kijana wa kukuambia kwamba unachokiona mbele yako ni mlima. Ulikuwepo tu, kati ya kijiji chetu na stesheni ya Kigwa, na tuliuita mlima kwa sababu hatukuwa tumeona mwingine. Nilipokwenda kusomea ualimu Moshi nikauona Kilimanjaro, nikaelewa kwamba wa kwetu ni kilima. Niliporudi likizo sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Mwezi uliopita niliupanda tena, safari hii nikiwa nimekaa kwenye kiti. Binti yangu Neema alinipa zawadi ya kustaafu: ziara ya nusu siku kwa gari la wazi, kuona wanyama na kusikia historia ya njia ya misafara, pamoja na juisi. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba wanyama hao nilishawafukuza wote kwa mawe kabla sijamaliza darasa la nne. Nikafungasha mkoba wangu: chupa ya maji, kanga, michembe kidogo, na jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi mbili. Habari za jiwe nitazieleza, lakini kwanza niwakumbushe wenzangu tulivyokuwa tunaishi, maana naona mmeanza kusahau.

Tulikuwa tunaamka kabla ya jogoo, si kwa bidii, bali kwa sababu blanketi lilikuwa moja na waliolala chini yake watatu. Wa pembeni akiamshwa na baridi, wote mmeamka. Shuleni tulikwenda na ufagio Jumatatu, kuni Jumatano, na dumu la maji siku zilizobaki. Madaftari yalikuwa nyongeza. Mfukoni tulitia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vigumu kiasi kwamba kimoja kilikutosha kuanzia mchakamchaka hadi somo la hesabu. Mvua za kwanza zikinyesha tulipanda Igulwa kuchuma uyoga. Mama aliumwaga wote kwenye ungo akautenga kimyakimya, unaoua upande huu, unaoliwa upande ule. Hatukuwahi kumuuliza alijuaje. Tuko hai, basi alijua. Baba naye alitundika mizinga ya magome juu ya miti, na siku ya kurina asali tulikula mpaka tukasikia kizunguzungu, tukang'atwa mpaka macho yakafumba, na kesho yake tukahesabiwa shuleni kama kawaida. Mjukuu wangu Glory ana miaka kumi na minne na anamkimbia nyuki aliyetua kwenye soda.

Wanyama mlimani walikuwepo. Pimbi walijaa kwenye miamba, tumbili walituibia chakula, nyani walitutazama kwa dharau. Chui alikuwepo kwa sifa tu. Kila mzee alikuwa na ndugu aliyemwona, na ndugu huyo siku zote alikuwa amekwishafariki.

Sasa, mgongoni mwa mlima, pale njia inapopita kati ya miamba miwili, palikuwa na rundo la mawe lililonizidi kimo. Wazee walisema lilianzishwa na wapagazi, babu za babu zetu, waliobeba pembe za ndovu kichwani hadi Pwani. Kila aliyekuwa anakwenda mbali aliweka jiwe moja. Reli ilipokuja watu waliacha kutembea hadi Bagamoyo, lakini hawakuacha jiwe. Waliliweka wakiwa njiani kwenda kupanda treni. Na kusindikizana kuliishia hapo hapo. Msafiri anaweka jiwe lake, anateremka bila kugeuka nyuma, na waliobaki hawaruhusiwi kulia mpaka wafike nyumbani. Mama alikuwa akisema, "Jiwe lako likikaa pale, mguu wako utalifuata."

Kaka yangu Masanja aliweka la kwake akiwa na miaka kumi na tisa, mimi nikiwa na tisa. Alikuwa anakwenda Tanga kwenye mkonge. Huyu ndiye aliyekuwa akinivusha mto mabegani, na ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo mama alilikataza na baba alijifanya hakulisikia. Alitumia siku tatu kuchagua jiwe. Akapata jeupe, lenye mstari mwekundu, tambarare juu na chini. Baba akamwambia, "Si mchumba huyo, chukua lolote." Masanja akalilaza juu ya rundo, akanibana pua, akateremka kuelekea stesheni. Treni ililia mchana, maana yake ilikuwa imechelewa kama kawaida. Nilifika nyumbani ndipo nikalia.

Jumamosi iliyofuata sisi watoto wa kike tulikuwa mlimani na mbuzi, tukicheza kupikapika. Tulikuwa na mafiga mawili, nanyi mnajua chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Nikaenda kwenye rundo nikachukua jiwe la kaka. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nililichukua kwa kuwa lilikuwa tambarare. Mawe tambarare yalikuwa mengi pale. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu na Masanja, nikataka kitu chake kiwe jikoni kwangu. Tukapika makande ya mchanga. Yaliiva vizuri.

Jioni nililibeba jiwe nyumbani, nikalificha chini ya kitanda. Siku mbili baadaye nikakumbuka maneno ya mguu kulifuata jiwe, nikamuuliza mama, kwa niaba ya mtu nisiyemtaja, inakuwaje jiwe la msafiri likiondolewa. Mama alikuwa anapepeta mtama, hakuinua macho.

"Mkono ulioondoa haurudishi," alisema. "Atafutwe mtu baki, asiye ndugu, alirudishe yeye."

"Na asipopatikana?"

"Msafiri atafika," mama akasema. "Kurudi ndiko sijui."

Kumpata mtu baki kulitaka kusema, na kusema kulitaka fimbo. Nilivipima vyote viwili nikaona bora kunyamaza. Mwaka uliofuata baba alipata kazi ya reli mjini Tabora, tukahama, na jiwe likahama nami, limefungwa ndani ya gauni la Krismasi.

Masanja alifika. Barua zilikuja: amepata kazi, amepata mke, amepata watoto, sita kwa jumla. Kurudi ndiko kukawa na mambo yake. Mwaka huu nauli, mwaka ule mke amejifungua, mwaka mwingine msimamizi kamnyima likizo. Kila Krismasi mama alichinja kuku na kulifunika paja la Masanja kwa kawa mpaka kesho yake saa nne asubuhi. Kisha alitupa sisi tule, na sijawahi kula nyama iliyokuwa ngumu kumezeka kama ile.

Mama alipofariki, Masanja alianza safari kweli. Maji yakakata reli, na barabara za miaka hiyo nazo zilikuwa za kuombewa. Alifika Dodoma, akakaa siku nne, tukazika, akarudi Tanga. Mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Mvua inavyokata reli naweza kukuchorea ubaoni. Lakini pale kaburini, nikiwa na udongo mkononi, sikuwaza mvua hata kidogo. Niliwaza jiwe, ambalo wakati huo lilikuwa kwangu mlangoni, likiuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Wageni walikuwa wakilisifu.

Basi ndilo nililokuwa nalo mkobani siku ya ziara, niliyokwenda na Glory. Nililichukua bila mpango wowote. Nilijiambia nitalitazama rundo kwanza.

Mwongoza watalii wetu alikuwa kijana aliyevaa nguo za kaki zenye mifuko mingi, na yote ilikuwa mitupu.

"Shikamoo mama. Naitwa Shabani."

"Marahaba. Mtoto wa wapi?"

"Kisarawe, mama. Mzaramo."

Nikacheka mpaka Glory akaona aibu. Mke na mume waliotoka Dar, tuliokuwa nao garini, wakatazamana. Nikawaeleza kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zetu walipokuwa wakifika Pwani na mizigo kichwani na kuwakuta babu zao wamekaa. Mtani anakutukana wala hukasiriki, anachukua chako wala hushtaki, na siku ya msiba ndiye anayefanya yale ambayo ndugu hawaruhusiwi kufanya.

"Kwa hiyo," nikamwambia Shabani, "Mzaramo umetoka Kisarawe kuja kunionyesha nilipokuwa nachunga mbuzi?"

"Mngeweza kupaonyesha wenyewe nisingepata ajira, mama. Ninyi mnajua kubeba tu."

Gari likapanda. Shabani alimwambia dereva azime injini ili tumwone pimbi, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mnyama huyu ni jamaa wa tembo. Glory akampiga picha kumi na tano. Pimbi akaendelea kuota jua, kwa uzoefu. Mbele kidogo tumbili akachukua juisi ya yule bwana wa Dar, nikafarijika kwamba kuna mambo ambayo hayajabadilika. Kuhusu chui, Shabani alisema yupo. Alisema kwa sauti ile ile ya wazee wetu.

Tulipofika kwenye rundo nilishuka taratibu. Lilinifika kifuani, ama lilikuwa limepungua, ama nilikuwa nimekua. Lilikuwa limezungushiwa kamba, na kibao kimeandikwa: USIGUSE MAWE. USIONGEZE, USIPUNGUZE. Shabani akasimulia habari za wapagazi, na niseme haki, alisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha. Alijua hata habari ya kutogeuka nyuma. Nikaingiza mkono mkobani.

"Mama, samahani," akasema alipoliona. "Hairuhusiwi. Kila mgeni akiweka jiwe, urithi utaharibika."

"Urithi huu ulipatikanaje?"

Akafikiri. Alikuwa kijana mkweli. "Kwa kila mgeni kuweka jiwe," akasema.

"Mimi siongezi. Narudisha."

Nikaeleza yote, pale pale, nimesimama juani mbele ya watu niliokutana nao asubuhi. Jambo nililoshindwa kumwambia mama yangu mzazi nililisema mbele ya dereva. Nilisema habari za mafiga, za kuku wa Krismasi, za Dodoma. Glory akashusha simu.

"Bibi, uliiba?"

"Niliiba."

"Na siwezi kulirudisha mwenyewe," nikamwambia Shabani. "Mkono wangu umekatazwa na mama, na kamba yako imewakataza wote. Lakini wewe ni mtani wangu."

Shabani alikitazama kibao. Akamtazama dereva, naye dereva akageuka kuangalia tairi lisilokuwa na tatizo. Kisha akavua kofia, akalipokea jiwe kwa mikono miwili, akainama akapita chini ya kamba.

"Wanyamwezi!" alisema kwa sauti, goti moja chini. "Mizigo ya watu mliibeba mpaka baharini. Jiwe moja la kwenu limewashinda zaidi ya miaka hamsini, mpaka aje Mzaramo!"

"Weka," nikamwambia. "Ndiyo kazi ya kwanza unayofanya leo."

Akaliweka, mstari mwekundu ukiwa juu, kama Masanja alivyoliweka. Hapo nililia. Nilikuwa bado sijafika nyumbani, lakini nadhani kwa umri wangu nilishasubiri vya kutosha.

Jumapili jioni Masanja alipiga simu, kama afanyavyo kila Jumapili. Sasa ana miaka sabini, na goti lake lina habari nyingi kuliko yeye.

"Mwangaluka, Kabula," akasema, ingawa ilikuwa jioni. Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi aliyoondoka nayo nyumbani, na saa zake hazitazami. Tukaulizana afya. Kisha akasema yale anayoyasema kila mwaka: akishavuna mahindi, atakuja. Kila mwaka mimi humjibu, "Haya kaka, Mungu akipenda," halafu naulizia watoto.

"Njoo," nikasema. "Nimetandika kitanda."

Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao ni mbaya, nikarudia.

"Kabula," akasema, "hujawahi kuniambia nije."

Alisema kweli. Miaka yote nilikuwa namngoja mtu nisiyemwita, kwa sababu angekuja ningelazimika kumtazama usoni. Mengine nitamweleza tukiwa mezani. Paja la kuku safari hii atalila mwenyewe.

Enzi zetu msafiri aliacha jiwe, na nyumba nzima ikajua kuna mtu wa kungojwa. Leo wajukuu zetu wakisafiri wanatuma picha wakiwa bado garini, na wakifika wanatuma nyingine, ya chakula. Hakuna anayewangoja kwa sababu hawajapotea machoni hata dakika moja, na siwalaumu. Yawezekana wao ndio wenye akili. Lakini rundo la Igulwa limefungwa kamba, haliongezeki tena, na sijui mguu wa Glory utafuata nini.

Mlango wangu sasa haukai wazi, upepo unaubamiza kutwa. Glory ameniambia madukani kuna vizuizi vya mpira vya kila rangi. Nimemwambia asihangaike. Nimeweka kiti pale mlangoni, na ninakikalia mwenyewe, nikitazama barabara ya stesheni.